Laki nne, nyumba ya kupanga na vumbi la Dodoma: nianzie wapi?

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilihamia Dodoma Januari mwaka huu nikitokea Muheza, na ninaishi Nkuhungu na watoto wangu wawili katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Baba yao yuko kazini Singida. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Juni tumevunja kikoba, nami nimepata shilingi 400,000. Sebule yangu inafanana na stoo: sofa limebonyea na kuta zina michirizi ya vumbi jekundu. Nguo nilizokuja nazo zimechujuka na hazizuii baridi ya huku. Maua niliyopanda Machi yalikauka yote Mei. Duka moja limekubali kunipa sofa jipya nikitanguliza laki mbili na kulipa elfu 75 kila mwezi kwa miezi 12. Bei yake taslimu ni laki nane. Je, nilichukue, au ipo njia ya kuzitumia fedha hizi zikagusa nyumba, nguo na bustani kwa pamoja?

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa mikiki ya uhamisho. Nianze na sofa, kwa sababu ndilo jambo linaloweza kukufunga mikono kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Laki mbili za kutanguliza, ukijumlisha na elfu 75 mara 12, zinakuwa shilingi 1,100,000. Utakuwa umelipa laki tatu juu ya bei taslimu, na laki tatu hizo ni robo tatu ya fedha zote ulizo nazo mkononi leo. Zaidi ya hapo, sofa jipya likiingia katika chumba chenye kuta za michirizi na madirisha yanayopitisha vumbi, litafanana na chumba hicho kabla hujafika nusu ya marejesho. Usilichukue.

Nimefundisha sayansikimu kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo nimeishi hapa Dodoma. Nilichojifunza ni kwamba urahisi wa vitu katika mji huu unategemea mwezi kuliko unavyotegemea soko. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, mji hujaa wageni, na muuzaji mwenye wateja wengi hana sababu ya kushusha bei. Julai mambo hugeuka. Wageni huondoka, mwaka mpya wa fedha wa Serikali huanza, watumishi waliopata uhamisho hufunga mizigo, na kati ya Julai na Agosti wanafunzi wanaomaliza UDOM na vyuo vingine huuza meza, viti, rafu, majiko na ndoo ambavyo hawawezi kuvibeba kwenye basi hadi Kigoma au Mtwara. Mtu mwenye tiketi ya kesho asubuhi ndiye muuzaji anayekufaa. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, wanafunzi wapya wanapoanza kufika, meza ileile hupanda bei. Kwa hiyo nakushauri ugawe fedha zako kwa kufuata miezi: shilingi 180,000 kwa ajili ya nyumba, uanze nazo Julai, 90,000 kwa ajili ya nguo, sehemu sasa na sehemu Oktoba, 40,000 kwa ajili ya bustani, ambayo itangoja hadi Novemba, na 90,000 zilizobaki usiziguse hadi umeona Oktoba imekuletea nini.

Katika nyumba, kabla ya kununua chochote, zuia vumbi. Upepo wa Dodoma hupata nguvu zaidi wakati wa kiangazi, na udongo wetu mkavu huingia kupitia upenyo wowote utakaouacha. Kagua wavu wa madirisha na uushone palipochanika. Chini ya mlango wa nje weka mto mrefu mwembamba, ulioshonwa kwa kipande cha kitenge na kujazwa mchanga, na mapazia uyaongezee uzito kwenye pindo ili upepo usiyapeperushe na kuyapangusia ukutani. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, maana fagio kavu huinua vumbi na kulirudisha ukutani, na michirizi unayoiona imetokana kwa sehemu na ufagio wako mwenyewe. Kazi hii yote haifiki shilingi 20,000 ikiwa una sindano na nguo kuukuu.

Kisha upake rangi, lakini zungumza kwanza na mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi hukubali kukata gharama ya rangi katika kodi ikiwa watapewa risiti, na makubaliano hayo yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Usinunue ndoo ya lita 20 kwa sababu tu umeambiwa kwamba kwa lita inatoka rahisi. Pima ukuta. Tuseme sebule yako ina mita 4 kwa 3 na kuta zina kimo cha mita 2.7: mzunguko wake ni mita 14, ambazo ukizizidisha kwa kimo unapata takribani mita za mraba 38, na ukiondoa mlango na madirisha zinabaki kama 34. Lita moja ya rangi ya maji iliyo nzuri hufunika kati ya mita za mraba 8 na 10 kwa mkono mmoja. Kwa mikono miwili utahitaji lita 7 hadi 8 na nusu, yaani makopo mawili ya lita 4, na iwapo ukuta unanyonya sana utaongeza kopo dogo. Ndoo kubwa ina maana pale tu jirani yako naye anapaka na mnaweza kugawana. Njia nyingine ni kuwauliza mafundi wa ujenzi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, ujenzi haujasimama, na nyumba inapokamilika mara nyingi hubaki makopo ya rangi na vigae vilivyokatwa ambavyo mwenyewe hana kazi navyo. Chukua kopo ambalo halijafunguliwa, au lililofunguliwa ambalo rangi yake bado inakorogeka bila madonge wala harufu ya uozo, na hakikisha kwamba anayekuuzia ndiye mwenye mali, si kibarua aliyeibeba jioni.

Kuhusu rangi yenyewe, nyeupe iache; kwa vumbi letu jekundu itakuumbua ndani ya wiki mbili. Ningechagua rangi ya maziwa yenye wekundu kidogo, na mita moja ya chini ningeipaka rangi ya mafuta iliyokoza zaidi, kama zilivyo kuta za madarasa yetu. Mwalimu anajua kwa nini madarasa hupakwa hivyo: mikono ya watoto hufika pale, na rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Kabla ya kupaka, pitisha msasa kwenye sehemu zinazobanduka na ufute unga wote. Rangi inayopakwa juu ya vumbi hubanduka pamoja na vumbi hilo.

Sasa turudi kwenye sofa lako la zamani. Shika mguu mmoja wa mbele, uuinue kiasi cha kiganja kimoja, kisha utazame mguu wa pili wa mbele. Ukiinuka nao mara moja, fremu ni nzima. Ukibaki chini huku sofa likijipinda, viungo vimelegea na fundi ataanzia hapo. Fremu ya mninga au mkongo inastahili kuvalishwa upya hata mara tatu. Ya paini iliyopasuka kwenye misumari haistahili gharama, na hapo ndipo ninapokubali mtu atafute sofa jingine lililotumika. Sofa likibonyea, mara nyingi ni sponji za kukalia peke yake ndizo zilizokufa, wakati za mgongoni bado zina uhai, kwa hiyo usikubali fundi akubadilishie zote bila kukuonyesha. Bonyeza sponji kwa ngumi na uachie. Inayorudi polepole huku alama ya ngumi ikibaki imechoka, nayo ndiyo ibadilishwe. Kitambaa kinunue mwenyewe baada ya fundi kupima mbele yako, na umwambie mapema kwamba masalio ni yako. Umetoka Tanga, na mtu wa Tanga hakosi doti kadhaa za kanga kabatini. Zile zilizofifia zitumie kushona foronya za mito yenye zipu, ili vumbi likizidi uzivue na kuzifua.

Kwa vitu vya mkononi vya Julai, nina onyo moja ambalo nimelilipia. Miaka ya nyuma nilinunua kabati zuri la mninga kwa mtu aliyekuwa anahama, bei ilikuwa ya kutupa, nami nikajipongeza njia nzima. Baada ya wiki tatu watoto waliamka na vipele mikononi: kabati lilikuwa na kunguni, na gharama ya kuwaondoa nyumba nzima ilizidi bei ya kabati. Tangu siku ile hubeba tochi. Ninaangalia matundu ya skrubu, viungo vya mbao, nyuma ya kabati na chini ya droo, nikitafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu au maganda mepesi ya rangi ya kahawia. Samani ya mbao hukaa uani kwanza, hufutwa na kumwagiwa maji yaliyochemka katika kila kiungo, na haiingii ndani siku hiyo. Godoro la mkononi silinunui kwa bei yoyote, na wewe usilinunue.

Kuhusu friji, swali la kwanza ni litakula uniti ngapi za LUKU. Funga mlango wake juu ya karatasi na uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira wa mlango umekwisha na baridi inavuja usiku na mchana. Pia, kwa kitu chochote cha thamani, andikianeni hati fupi yenye majina, namba ya kitu na shahidi, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kununua kitu cha wizi huku ukijua, au ukiwa na kila sababu ya kushuku, ni kosa la jinai.

Upande wa nguo, baridi unayoilalamikia ni ya kweli. Usiku wa Julai joto hapa hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, jambo ambalo mtu wa pwani halitazamii. Hata hivyo huu ndio wakati mbaya zaidi wa kununua masweta, kwa kuwa kila mtu anayatafuta. Nunua mawili tu sasa, lako la kazini na moja la mtoto aliyekua, na mengine uyafuate Oktoba, joto linapopanda na muuzaji akitaka kuondoa mzigo mzito. Tembelea Sabasaba, Majengo na soko la Machinga la barabara ya Bahi bila fedha nyingi mfukoni, ujue nani huuza nini, na umuulize muuzaji siku anayofungua robota. Anayewahi robota linapofunguliwa huchagua kilicho bora na hulipa zaidi. Anayefika alasiri hukuta masalio yaliyopangwa kwa mafungu. Mimi hugawanya: koti na viatu huviwahi asubuhi, kwa sababu vibaya vyake havirekebishiki, lakini mashati ya watoto na vitambaa vya kukata upya hungojea jioni. Jumamosi upo pia mnada wa Msalato, ambako wengi huenda kwa ajili ya nyama. Ukienda, zungukia nguo kwanza na nyama iwe mwisho, kwa sababu za mkoba na za mikono yenye mafuta.

Nguo ya mtumba ikaguliwe juani, haidhuru muuzaji akinuna. Inyanyue dhidi ya mwanga uone palipolika, hasa kwapani, kwenye kola na katikati ya miguu ya suruali, kisha vuta mshono kwa vidole viwili na upandishe zipu mara tatu. Ukitaka kujua kama ni pamba, chomoa uzi mmoja kwenye pindo na, ukishainunua, uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, wakati poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tofauti hii si ya kielimu tu. Rangi ya kuchovya tunayouziwa kwenye vipakiti hushika pamba, ikichemshwa pamoja na chumvi, lakini haishiki poliesta, kwa hiyo sketi nyeusi iliyochujuka inaweza kufufuliwa au isiweze kulingana na uzi wake. Bei ya gauni nayo ihesabiwe pamoja na ya fundi cherehani atakayelibana. Nguo za ndani nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania lilishapiga marufuku zilizotumika, ingawa bado utaziona zimetandazwa.

Hata hivyo, sidhani kwamba tatizo lako kubwa ni uhaba wa nguo. Umeandika kwamba zimechujuka, na mtu aliyehama Januari hapaswi kuona nguo zake zote zimechujuka kufikia Juni. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni jua: Dodoma ina siku nyingi zisizo na wingu, na nguo ya rangi inayoanikwa kutwa upande wake wa nje hupauka haraka. Igeuze ndani nje, uianike kivulini, na kwa hewa yetu kavu itakauka tu. La pili ni maji, kwa sababu maji ya visima vingi huku ni magumu. Sabuni ya mche haitoi povu vizuri ndani yake, nayo huacha utando unaozifanya nguo nyeupe ziwe za kijivu na taulo ziwe kama gamba. Tumia sabuni ya unga, au weka kijiko cha magadi katika ndoo na ungoje maji yatulie kabla ya kutia sabuni, lakini kwa nguo nyeupe na mashuka tu. Nguo za rangi zisiguswe na magadi. Ukifanya haya mawili kwa mwezi mmoja, huenda ile 90,000 ikabaki na salio.

Bustani nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo itakayongoja kuliko vyote. Maua yako yalikufa kwa sababu yalizaliwa mwezi usio wake. Huko Tanga mvua za masika zinaanza Machi, na mtu anayepanda wakati huo anapanda vyema. Dodoma ina msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 570, kwa hiyo ulipanda mvua zikiwa zinaaga. Kiangazi hiki usipande kitu. Kusanya: samadi kutoka kwa wafugaji, ambayo kwa wengi hutolewa kwa bei ya kuibeba, maganda ya karanga, majivu ya jikoni, na majani makavu. Omba vipandikizi kwa majirani mvua zikikaribia, kwani bogenvilia na mshubiri haviuzwi na mtu mwenye utu. Minyaa huvumilia ukame kuliko vyote na hufanya uzio mzuri, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, na wewe una watoto, uache.

Usiinue matuta kama ulivyozoea. Tuta lililoinuliwa hufaa penye maji mengi, ambapo mtu anataka yatiririke. Hapa hukauka ndani ya siku mbili. Chimba kitalu kilichozama kiasi cha kiganja chini ya usawa wa ardhi, ili kila tone litakaloanguka libaki ndani. Kuna ufundi mwingine wa hapahapa ambao wageni wengi hawaujui: mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji kilicho umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka mjini. Shimo lina upana wa takribani sentimita 22 na kina cha 30, na kutoka shimo hadi shimo ni sentimita 60. Ndani huwekwa majivu ya kufukuza wadudu, samadi, na mabaki ya mazao, kisha udongo hurudishwa bila kujaza hadi juu, ili shimo libaki kama bakuli la kunasa mvua. Wakulima hulitumia kwa mtama na mahindi, lakini hakuna linalozuia mpapai, mlonge au bogenvilia kupandwa ndani yake. Mashimo sita yanatosha uwanja wa nyumba ya kupanga, na yachimbwe Novemba, kabla ya mvua ya kwanza.

Mchicha na figiri zipande kwenye gunia karibu na mlango wa jikoni, uzinyweshe kwa maji ya kuoshea mboga na mchele. Yale maji ya kufulia yenye magadi niliyokushauri usiyapeleke huko kabisa, kwani magadi huharibu udongo na kuunguza mizizi. Yamwage kwenye karo. Kwa miche ya mashimoni, toboa tundu dogo katika kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu, kata kitako chake, uizike nusu ikiwa imeinamisha mdomo karibu na shina, na uijaze kila baada ya siku mbili mvua zinapokawia. Mzabibu sikushauri, ingawa utaona kila jirani anao, kwa sababu hadi uanze kuzaa vizuri hujui kama bado utakuwa mpangaji wa nyumba hiyo.

Katika ile 40,000 sehemu kubwa itaenda kwa kibarua wa kuchimba, kwa kuwa udongo wa Novemba ni mgumu kama tofali. Kabla hajapiga jembe la kwanza, muulize mwenye nyumba bomba la maji limepita wapi na shimo la choo liko upande gani.